Mwana wa Kulea Anapokuwa Mkaidi

Tangu niandike hapa kuhusu mayatima, nimepokea maswali mengi kutoka kwa watu waliochukua watoto wa kulea na sasa wamechoka. Swali ni lile lile kwa maneno tofauti: tumempa chakula, nguo, shule, madrasa na mapenzi, mbona mtoto anatulipa kwa wizi, uongo na ukaidi? Mama mmoja aliniandikia kwamba anaogopa kuyasema haya kwa jamaa zake kwa sababu ndio waliomwambia tangu mwanzo, "Mtoto wa watu hafugiki."

Mimi mwenyewe ni mlezi. Kijana wetu alikuja akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo mamake alikuwa ameshafariki, akapitia nyumba tatu za jamaa, kisha makao ya watoto. Sisi tulikuwa nyumba ya tano. Nina diploma ya ustawi wa jamii na nilidhani nitajua la kufanya. Haikunisaidia hata mwezi wa pili.

Wiki sita za kwanza alikuwa malaika. Salamu kwa kila mtu, sahani anaosha mwenyewe, adhana ikilia yuko mbele ya mlango na kofia. Mamangu alitusifu, akasema tumepata mtoto wa baraka. Watu wanaojua kazi hii hawashangai. Mtoto aliyezoea kuhamishwa huja kama mgeni, na mgeni hajionyeshi. Anachungulia kwanza nyumba ina sheria gani na nani hukasirika haraka. Akishaanza kuamini kwamba huenda akabaki, ndipo yale ya ndani yanapotoka. Kwa hivyo mwezi wa pili ukiwa mgumu kuliko wa kwanza, msiseme mmedanganywa.

Kwetu yalianza na sisimizi. Mke wangu aliwafuata ukutani hadi kwenye godoro, akalinyanyua, akakuta chapati saba, nyengine zimeota ukungu. Mtoto alikuwa anakula na kushiba kila siku. Kisha ikapotea shilingi 200 kwenye mkoba. Alinunua biskuti akawagawia wenziwe wa madrasa, na tulipomuuliza alikana huku makombo yako kwenye kanzu. Akakojoa kitandani. Akampiga binti yetu. Siku ya Idi, asubuhi, kanzu mpya ikiwa bado haijatoka harufu ya duka, aliirarua mbele yetu.

Lakini lililonitia hofu zaidi halikuwa hata moja katika hayo. Siku moja alianguka kwenye mwembe, akavunjika kifundo cha mkono, na hakumwambia mtu. Alikula chakula cha usiku kwa mkono mmoja. Tuligundua kesho yake asubuhi, mkono umevimba. Nikamuuliza mbona hukuja? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la lugha nyengine.

Kinachotokea ndani ya mtoto

Mtoto mchanga akilia, mtu akaja, akalia tena, mtu yule yule akaja, hujifunza jambo kubwa kabla hajajua neno hata moja: kuna mtu. Wataalamu huita kifungo cha mtoto na mlezi. Daktari Mwingereza John Bowlby ndiye aliyeijenga hoja hii, na mwenziwe Mary Ainsworth aliichunguza hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 alikwenda katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, akawatembelea mara kwa mara akina mama wa familia 26 na kutazama watoto wao. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mamake hutambaa mbali kucheza, akishtuka hurudi, akitulia huenda tena. Mama ni bandari yake. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Sasa mchukue mtoto ambaye alilia na hakuna aliyekuja, au aliyekuja alikuwa na mkanda mkononi, au alikuja leo na mwezi ujao akafa. Mtoto huyo pia amejifunza: hakuna mtu, jitegemee. Chapati chini ya godoro ni akiba ya mtu asiyejua kama kesho kuna chakula. Uongo ulimwokoa na kipigo nyumba ya pili. Kutolia ukivunjika mkono ni busara kama kulia hakujawahi kuleta mtu. Mwili wake umezoea kukaa macho kama mlinzi wa usiku, ndiyo maana sauti ikipanda kidogo anaruka, na darasani hatulii.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliokuwa wamefungiwa katika makao yenye njaa, bila mtu wa kuwabeba. Wengine walichukuliwa na familia za Uingereza, na daktari Michael Rutter na wenzake wakawafuatilia 165 kati yao kwa miaka mingi hadi wakawa watu wazima. Waliotolewa kabla ya miezi sita waliendelea takriban sawa na watoto wengine wa kulea wa Uingereza. Wengi wa waliokaa zaidi ya hapo walibaki na shida za utulivu na za kuelewana na watu hata baada ya miaka ya malezi mema. Lakini hata katika kundi hilo, kama mmoja kati ya watano hakuonyesha shida hizo.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, mlezi asijilaumu akidhani mapenzi yake ni mabovu. Pili, watoto wetu wengi hawakupitia hali kali kama ile ya Romania. Wengi waliwahi kubebwa na bibi au shangazi, na mzizi huo mdogo unaweza kushikiliwa.

Neno "nitakurudisha"

Nililisema. Ilikuwa Ramadhani, saa moja kabla ya futari, nimetoka kazini kichwa kinauma, na yeye amemwaga uji wote jikoni kwa makusudi. Nikamwambia, "Ukiendelea hivi nitakurudisha ulikotoka."

Hakulia. Alikwenda chumbani, akarudi na mkoba wake wa madrasa. Ndani aliweka kaptura mbili, kofia na chapati moja. Akakaa kwenye ngazi karibu na mlango akingoja. Adhana ya Magharibi ikalia, tende ziko mezani, na mtoto wa miaka saba amekaa mlangoni na mkoba kwa sababu kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida, lilishatokea mara nne.

Nimewasikia wazazi wengi wakisema neno hili kama mzaha au kitisho cha kawaida. Kwa mtoto uliyemzaa ni kelele tu, anajua hutampeleka popote. Kwa huyu ni hukumu aliyokuwa akiingoja. Na kuna jambo la ajabu zaidi: mtoto aliyeachwa mara nyingi hukusukuma makusudi ili umwache, kwa sababu kungoja kuachwa kunauma kuliko kuachwa kwenyewe. Ukimtisha, umemthibitishia. Siku ile nilikaa naye kwenye ngazi, tukafuturu pale pale mlangoni, na nikamwambia nimekosa. Ilichukua miezi kabla mkoba ule haujarudi kubeba juzuu peke yake.

Tuliyobadilisha nyumbani

Chakula kwanza. Mke wangu alimpa kopo lake la bati, akaliweka rafu ya chini jikoni, likawa na biskuti na korosho, akamwambia hili ni lako, likiisha niambie. Halifungwi, na halinyang'anywi kwa adhabu yoyote. Mamangu alisema tunamdekeza. Baada ya wiki chache sisimizi walipotea.

Kwa wizi na uongo, tuliacha kumuuliza swali ambalo jibu lake tunalijua. "Ni wewe uliyechukua?" ni mtego, na mtoto mwenye hofu ataingia kila mara. Sasa twasema: najua umechukua pesa, tutazirudisha vipi? Shilingi zile 200 alizilipa kwa kunibebea mzigo wa soko Jumamosi mbili. Mke wangu naye akaacha kuuweka mkoba kwenye kiti cha sebuleni. Kumwondolea mtoto majaribu kunapunguza vita nusu.

Kiboko tulikiacha kabisa. Najua wengi wenu mtaguna, sote tulilelewa kwa fimbo ya mwalimu wa chuoni. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na hata sheria ukiiweka kando, fikiri kwa akili tu: huyu alishapigwa na watu waliomfukuza. Fimbo yako haimfundishi jipya. Inakuweka kwenye safu ya wale wengine. Kumfungia chumbani peke yake ni vivyo hivyo, kwa sababu upweke ndio ugonjwa wake. Akichafuka, mmoja wetu hukaa karibu naye sakafuni bila kusema mengi mpaka apumue. Mafunzo huja baadaye, akiwa ametulia. Mtu mwenye hofu hasikii mawaidha.

Ratiba nayo ni dawa ambayo watu huidharau. Swala tano zilitusaidia sana kwa jambo hili, kusema kweli, maana siku ya Mwislamu ina nguzo zake tayari. Alfajiri, chai, shule, Adhuhuri, chuoni, Magharibi, chakula, kulala. Mtoto anayejua kinachofuata hushtuka kidogo. Mambo ya ghafla, hata ya furaha, humvuruga. Ile kanzu ya Idi niliielewa baadaye: siku za furaha ndizo anazomkumbuka mamake, na zenye wageni wengi na kelele nyingi. Idi iliyofuata tulimweleza wiki nzima kabla nani atakuja na saa ngapi, tukamwombea dua mamake pamoja naye asubuhi. Kanzu ilibaki nzima, ingawa ilipata doa la juisi.

Kukojoa kitandani msikufanye jambo la kuaibisha, na neno "kikojozi" lisisikike nyumbani. Mpeleke hospitali aangaliwe maambukizi ya njia ya mkojo, na ukiwa hapo aangaliwe minyoo, upungufu wa damu, masikio na macho. Watoto waliohamahama mara nyingi wana maradhi ambayo hakuna aliyewahi kuyafuatilia, na mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi bure.

Mama ndiye anayeumia zaidi

Hapa nina deni la kuomba radhi hadharani. Mtoto huyu kwangu na kwa wageni alikuwa mpole. Kwa mke wangu alikuwa moto. Alimtukana, alimsukuma, alikataa kula alichopika. Nikirudi jioni namkuta kijana anasoma, na mke wangu macho mekundu, nami nikasema moyoni pengine huyu bibi anazidisha. Watu msikitini wakanisifia adabu ya mtoto.

Baadaye nikajua kwamba ni jambo la kawaida sana kwa watoto hawa. Hasira huelekezwa kwa yule ambaye mtoto anamtaka zaidi na anamwogopa zaidi kumpoteza, na mara nyingi ni mama. Wababa, muaminini mke wako. Chukua zamu. Mpe nusu siku kwa wiki atoke, aende kwa dadake au baharini. Mlezi aliyechoka kabisa ndiye husema lile neno la kurudisha.

Na watoto wenu wa kuwazaa msiwasahau. Binti yetu alituambia waziwazi, "Yeye akikosa anaelezwa, mimi nikikosa nagombezwa." Alikuwa na haki.

Jini, mganga na daktari

Kila mlezi wa Pwani atayasikia. Kwetu jirani alisema mtoto ana shetani wa kurithi na akataja mtu wa kumpiga kombe. Kumsomea mtoto Qur'ani ni kheri, hata sisi humsomea kabla ya kulala, na sauti ile humtuliza. Lakini kumkamata mtoto kwa nguvu, kumfukiza moshi, kumpiga ati jini ndilo linaloumia, hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma, na inamwambia mtoto kwamba ndani yake mna kitu kibaya.

Kuna dalili za kutongoja: akijiumiza mwenyewe, akitesa wanyama, akiwasha moto, akizungumzia kufa, akikosa usingizi wiki kwa wiki, au akiwachezea watoto wenziwe kwa namna ya kimwili isiyolingana na umri wake. Hilo la mwisho huenda likawa alama kwamba yeye mwenyewe alidhulumiwa. Muulize daktari wa hospitali ya kaunti akupeleke kitengo cha afya ya akili. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure kote Kenya, na mlezi naye anaweza kuipiga kuomba ushauri. Nayo ofisi ya afisa wa watoto si ya kesi za polisi peke yake. Ukichukua mtoto, ulizia pale historia yake yote: nyumba ngapi, magonjwa gani, nani amekufa. Sisi hatukuuliza na tulilipia.

Nasaba, mirathi na sitara

Kisheria kuna njia tofauti. Kuasili kwa amri ya mahakama humfanya mtoto kuwa wa wazazi wapya. Kafala ni njia yetu: unamlea na kumgharamia kama wako, lakini nasaba yake haibadiliki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja kafala katika kifungu cha 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitambua kwa jina, bila mtoto kupata haki ya kurithi. Mchukueni mtoto kwa karatasi, kupitia afisa wa watoto. Mtoto aliyepokewa kwa maneno ya mdomo anaweza kuchukuliwa na jamaa yeyote kesho, na huko kuchukuliwa ndiko kunakomharibu.

Tunaijua habari ya Zayd. Mtume (SAW) alimlea akaitwa Zayd bin Muhammad, mpaka ziliposhuka aya za Suratul Ahzab akarudi kuitwa Zayd bin Haritha, na heshima yake haikupungua hata chembe. Wapo wanaoona hukumu hii ni ngumu kwa mtoto. Mimi naona ni rehema. Wataalamu wa malezi leo wanasema mtoto wa kulea aambiwe ukweli wa asili yake mapema, kwa maneno ya umri wake, kwa sababu siri ikija kufichuka akiwa na miaka 15 kutoka kinywani mwa jirani, huvunja kila kitu. Kijana wetu ana jina la babake, ana picha moja ya mamake, na tulitafuta kaburi lake tukampeleka. Mimi ananiita Ami, mke wangu anamwita Khalati.

Kuhusu mali, mtoto wa kafala harithi, lakini unaweza kumuusia hadi thuluthi moja ya mali yako, na kumpa zawadi ukiwa hai. Andika wasia huo, na wanao waujue, usiache vita nyuma yako. Ukiwa na shaka, Kadhi yupo.

Sitara ndiyo inayosahaulika. Mtoto aliyenyonyeshwa na mama wa nyumba kabla ya miaka miwili, mara tano kwa madhehebu yetu ya Shafi, huwa mahram. Aliyekuja mkubwa si mahram. Maana yake ni kwamba akibaleghe, mke wangu atajifunika mbele yake nyumbani, na akiwa msichana hukumu humfika baba na wavulana. Sasa fikiria mtoto mwenye jeraha la kuachwa, siku moja mama aliyekuwa akimkumbatia anajitanda mtandio na mlango unafungwa. Ataelewa nini? Msingoje siku hiyo. Sisi tulianza kumweleza akiwa na miaka tisa kwamba ni heshima inayomfika kila kijana anayekuwa mwanamume, na binamu zake wote wamepitia. Tukamwonyesha kitakachobaki vile vile: chakula cha pamoja, chumba chake, kopo lake.

Watu wa nje nao wana sehemu. Ukija nyumbani kwetu usimwambie mtoto mbele ya watu, "Ungekuwa wapi lau si hawa, washukuru." Mtoto hadaiwi shukrani kwa kulishwa.

Ametimiza miaka 11 sasa. Bado anasema uongo mdogo mdogo na shule walituita muhula uliopita kwa vita vya uwanjani. Kopo la biskuti hukaa wiki nzima bila kuguswa, lakini mke wangu hulijaza.

Mwezi uliopita alianguka na baiskeli hapo nje, akaja mbio akilia kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Khalati! Khalati!" Ulikuwa mkwaruzo wa goti usiotoa hata damu. Mke wangu aliuosha kwa maji, akaupuliza. Alitaka plasta mbili, akapewa mbili.